Kitabu Kinachosomwa Kabatini

Jumanne na Ijumaa, jua likishaanza kushuka, dada yangu mkubwa huingia kabatini. Ni kabati la zamani la milango mitatu alilorithi kwa mama yetu, limesimama chumbani kwake pale Panda, Likasi. Huondoa viatu vilivyo chini, huweka kigoda, huketi, husogeza magauni ya Jumapili yamzunguke kichwa, huvuta mlango ubaki ufa wa kupitisha hewa na mwanga kidogo, kisha hubonyeza simu na kuanza kusoma. Ukipita sebuleni saa hiyo utadhani kuna mtu anawahadithia vitenge.

Kwetu Katanga mkubwa wako kwa kuzaliwa humwiti jina. Ni Yaya, basi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na sasa analea klabu ya vitabu ya watoto 17, wa miaka 12 hadi 14. Wengine wako Kikula, wengine Shituru, wawili wamehamia Kolwezi na wazazi wao. Nyumba wanazotoka ni za Wakatoliki, za Wamethodisti, za Garenganze, na za makanisa ya uamsho yale yenye spika kubwa. Kuwakusanya mahali pamoja jioni ni kazi ya nauli na ya wasiwasi, kwa hiyo wanakutana kwenye simu. Kitabu ni kimoja, masikio kumi na saba.

Kabati ni kwa ajili ya sauti. Nyumba nyingi za Panda zilijengwa enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière: kuta ngumu, sakafu ya saruji, bati juu. Ukisema neno linagonga ukuta na kukurudia. Simu nayo haina huruma, inachukua kila kitu: jenereta la jirani, jogoo asiyejua saa, mtoto anayelilia bukari, ugali wetu. Nguo zilizotundikwa humeza mwangwi huo wote. Kabla ya kugundua kabati alijaribu kujifunika blanketi, akatoka jasho hadi kurasa zikalowa. Kitu kimoja tu kinalishinda kabati, nacho ni mvua ya Januari juu ya bati. Ikinyesha hakuna kusoma, na watoto hawaulizi, maana huko kwao nako hawasikilizani.

Kabla ya dakika saba za kabatini kuna siku mbili za penseli. Yaya hukitazama kitabu kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa kabla ya kushika mkasi. Mkwaju mmoja kati ya maneno: hapa vuta pumzi. Mikwaju miwili: hapa nyamaza, hesabu hadi tatu. Duara: neno hili mtoto wa Likasi hajawahi kulisikia. Na mwisho kabisa, akishasoma mara ya tatu au ya nne, huweka msalaba mdogo pembeni mwa mstari. Hapo ndipo atakapokata.

Mimi nilidhani anakata kwa ajili ya mega za intaneti. Hilo nalo lipo. Odio ya dakika saba haifiki mega mbili, ilhali kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kinaweza kula mega arobaini, na mzazi wa huku hununua mega kama anavyonunua mafuta ya kupikia, kipimo cha leo kwa leo. Lakini mega zingeruhusu dakika kumi, hata kumi na tano. Saba aliipata kwa kushindwa. Mwanzoni alituma odio za dakika ishirini, na watoto wakajibu haraka ajabu. Alikuja kugundua kwamba walikuwa wakibonyeza ile alama ya kuongeza kasi, wanamsikiliza akikimbia mara mbili, kama mtangazaji wa mpira. Hakuwagombeza. Alipunguza urefu hadi wakaacha kubonyeza.

Mahali pa kukata ni habari nyingine. Mwaka jana walianza na Yusufu, Mwanzo sura ya 37 na kuendelea. Ni chaguo la mtu anayeijua hadhira yake: kitabu kiko katika kila nyumba, bure, na hakuna mzazi wa dhehebu lolote atakayekikataa. Ila pana mtego. Mtoto wa shule ya Jumapili ameimaliza hadithi hii akiwa na miaka mitano. Kanzu, shimo, Misri, njaa, machozi. Utamfanyaje angoje kitu alichokwisha kula?

Yaya aliposoma siku ya kwanza, ndugu walimvua Yusufu kanzu, wakamtupa shimoni, na shimo lilikuwa kavu, halina maji. Mstari unaofuata ndugu wanaketi kula. Hapo ndipo msalaba wa penseli ulipokuwa. Alisoma kwamba waliketi kula, akanyamaza, odio ikaisha. Dakika mbili baadaye akatuma swali moja kwa maandishi: Yusufu alisikia nini kule chini?

Biblia haisemi. Nilikuwa nimekaa naye jikoni kesho yake majibu yalipoanza kuingia, mbabula inawaka, sombe iko motoni. Mmoja alisema alisikia watu wanatafuna. Mwingine alisema alisikia wakicheka, halafu mtu mmoja akawaambia wanyamaze. Msichana wa Shituru, miaka 13, aliandika kwa Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika kwamba Yusufu alitega masikio atafute sauti ya Reubeni, yule aliyetaka kumwokoa, na hakuisikia. Yaya aliacha kukoroga. Tulifungua Biblia pale pale mezani: kweli, Reubeni anarudi shimoni baada ya biashara kwisha, anamkosa mdogo wake, anararua nguo. Wakati wa kuuza hakuwapo. Nimehubiriwa sura hiyo tangu utoto na sijapata kulitambua hilo. Mtoto alilipata kwa sababu mtu alikata uzi mahali pake.

Sura ya 38, ya Yuda na Tamari, Yaya aliiruka kimyakimya. Alitoka 37 akaingia 39 kana kwamba mhasibu hajakosea hesabu. Usiku huo huo mvulana mmoja akauliza mbele ya wote: Mama, sura ya 38 ilienda wapi? Yaya alicheka hadi akaegemea ukuta. Akamjibu kwamba iko palepale ilipokuwa siku zote, na akitaka kuisoma aisome karibu na baba yake. Wiki hiyo baba mmoja wa Kikula alimpigia simu, sauti imepooza kidogo, akiuliza huwa anaifafanuaje.

Swali lile la shimoni ni la aina anayoipenda, na ndiyo aina ngumu kuitunga. Anazo kanuni zake. Swali ni moja tu kwa odio. Lisijibike kwa ndiyo wala hapana. Lisiwe na jibu ambalo yeye mwenyewe ameshalishika mfukoni. Na liko neno amelipiga marufuku kabisa, nalo ni "fundisho". Ukilelewa katika makanisa yetu unajua namna kila hadithi inavyofungwa: haya watoto, tunapata fundisho gani? Mikono inapanda, jibu ni utii, tunaomba, tunatawanyika. Yaya anasema swali hilo linawafundisha watoto kumtazama mwalimu usoni badala ya kutazama kitabu. Nakubaliana naye kwa moyo wote, ingawa nimeliuliza mwenyewe mara nyingi nilipokuwa mwalimu wa Jumapili.

Kisha ananyamaza. Hii ndiyo sehemu isiyoonekana ya ufundi wake, na kumtazama akiifanya ni kama kumtazama mvuvi. Swali likishatumwa, saa ishirini na nne hasemi neno juu yake. Anafungua simu, anaangalia ni nani alama yake ya kipaza sauti imekuwa ya buluu, yaani amesikiliza, anaiweka kifudifudi juu ya meza. Anafua. Anaangalia tena. Mara nyingine majibu ni mawili tu hadi jioni, na mimi namwambia wachokoze kidogo, watie moyo. Anatikisa kichwa. Anasema mtoto anayechokozwa hujibu ili uache kumchokoza.

Baada ya Yusufu alitaka kitabu ambacho wasikilizaji wake hawajui mwisho wake, lakini kiwe kimeoana na kile cha kwanza. Akachagua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952. Aliyeisoma anajua kwa nini: kuna ndugu watatu, mmoja mwema, wawili wanaomwonea kijicho hadi wanamtupa baharini, na mwishoni swali la msamaha. Majina yenyewe ya wale wawili ni Hasidi na Mwivu, Shaaban hakutaka tubabaike.

Kukipata kitabu ilikuwa safari. Duka la Likasi lenye riwaya za Kiswahili sijaliona. Kilikuja na dereva wa lori kutoka Mbeya, mtu tunayefahamiana naye kanisani kila anapopita. Kilivuka Tunduma, kikakatiza Zambia nzima, kikalala siku kadhaa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa chini ya kioo cha mbele, kikafika jalada limepauka upande mmoja. Kabla hajakisoma hewani Yaya aliuliza habari za haki ya mwandishi, jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunaposambaziana vitabu. Sheria ya Kongo ya mwaka 1986 inalinda kazi hadi miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa vitabu vya waandishi walio hai ana utaratibu mwingine: hasomi kitabu kizima, anasoma mwanzo tu, anayetaka kuendelea atakitafuta.

Wazazi wawili walishtuka. Mwandishi ni Mwislamu, na ndani ya kitabu kuna jini. Katika nyumba zetu neno jini halitamkwi kwa mzaha. Kuna watu wanaoamka usiku wa manane kukemea. Yaya hakubishana wala hakutuma somo juu ya fasihi. Aliwatumia wazazi hao peke yao odio ya kwanza, siku tatu kabla ya watoto, akawaomba wamwambie mahali panapowasumbua. Ndani ya odio hiyo Ikibali anatumwa na mfalme Rai kwenda kufuatilia kodi ya Janibu. Anapokelewa na gavana Adili, mtu mpole, mwadilifu, mji umenyooka. Usiku mgeni anaona mwenyeji wake akinyata kwenda kwenye chumba chenye manyani wawili, mjeledi mkononi. Odio inaishia mjeledi ukiwa umeinuliwa.

Mzazi wa kwanza alijibu baada ya saa moja: endelea. Wa pili alijibu kwa swali: kwa nini anawapiga?

Bahari ndiyo iliyomsumbua Yaya kuliko jini. Mtoto wa Likasi anajua vilima, shimo la mgodi, moshi wa Shituru, malakiti ya kijani inayouzwa kando ya njia. Jahazi hajaliona, nahodha hamjui, neno bandari analisikia kwenye habari za malori tu. Ukisimama kufafanua kila neno hadithi inakufa mikononi mwako. Usipofafanua, mtoto anazama kabla ya Adili. Suluhisho lake nililifurahia. Siku moja kabla ya sura ya baharini hakutuma kitabu, alituma odio ya dakika mbili ikiuliza ni nani amewahi kupanda mtumbwi kwenye ziwa la Tshangalele, lile lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha, ambako samaki wetu wengi hutoka. Watatu walikuwa wamepanda. Walisimulia jinsi ukingo unavyopotea asubuhi ukungu ukiwa mzito, jinsi mtumbwi unavyokataa kutulia mtu akisimama. Kesho yake jahazi lilipotokea kitabuni, halikuhitaji duara la penseli. Shaaban naye humsaidia msomaji wa namna hii bila kujua, kwa tabia yake ya kuweka neno gumu na kulifuatisha na ndugu yake aliye rahisi.

Kuhusu usalama ana ukali ambao haujadiliwi. WhatsApp inataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na wapo ambao hawajafika, kwa hiyo namba zilizomo ni za wazazi. Mtoto husikiliza kwenye simu ya mama baada ya vyombo kuoshwa. Wasimamizi ni wawili, yeye na mke wa mchungaji mmoja, na kuanzia saa mbili ya usiku kikundi hufungwa, hakuna mtoto anayeweza kuandika hadi kesho. Mtoto akimwandikia Yaya faraghani jibu ni lile lile kila siku: waandikie wote, au mwambie mama yako anipigie. Niliona ni ukavu. Halafu nikaona tunda lake lisilotarajiwa, kwamba wazazi nao wanasikiliza, kwa kuwa simu ni yao na sebule ni moja. Shangazi mmoja wa Kikula hupika akiwa ameiweka juu ya rafu ya sufuria.

Usomaji wa namna hii una mizizi mirefu kuliko simu. Katika Buganda ya karne ya 19, Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, na wengi walianzia kwenye Injili za Kiswahili kabla za Kiganda hazijatosha. Inasimuliwa kwamba vitabu vilikuwa vichache hivi kwamba watu waliketi duara kukizunguka kimoja, na wengine wakazoea kusoma herufi zikiwa juu chini. Yaya anaipenda habari hiyo. Anasema hao walikuwa na bahati, waliweza kuonana nyuso.

Aprili 2025 V. Y. Mudimbe alipofariki huko Marekani, Yaya aliahirisha kitabu siku moja. Mudimbe alizaliwa hapa hapa mwaka 1941, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville. Jina la Likasi lilirudi 1966. Alilelewa na seminari, akawa mnovisi wa Wabenedikto Rwanda, akatoka, akaishia kufundisha Chuo Kikuu cha Duke na kuandika The Invention of Africa, kilichotoka 1988 na ambacho wasomi wa dunia nzima wangali wakikirudia. Nilimshauri awasomee kipande. Alikataa katakata, akasema kumpa mtoto kitabu kigumu kabla ya wakati ni kumfundisha kwamba vitabu si vyake. Aliwaambia tu habari za mvulana wa Likasi aliyesoma hadi dunia ikamsoma. Jibu lililokuja zaidi ya mara tano lilikuwa swali: Likasi hii yetu?

Sasa nije kwenye aibu yangu. Katikati ya Adili Yaya alishikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa. Mimi nina sauti ya redio, hivyo ndivyo watu wasemavyo, na nimesoma masomo kanisani tangu ujana. Nikajitolea. Sikuchukua penseli. Niliingia kabatini nikasoma dakika kumi na moja, kila neno limenyooka, kila mkato mahali pake, kama naisoma taarifa ya saa mbili. Nilikata pale sura ilipoishia, maana ndipo inapoishia. Vipaza sauti vyote kumi na saba vilikuwa vya buluu kufika usiku. Majibu yalikuwa manne. Matatu yalisema asante Tonton. La nne: Tonton, Mama atapona siku gani?

Nilimpelekea Yaya kitandani. Alisikiliza odio yangu yote kwa subira, jicho moja wazi. Akasema kwa sauti ya mkwaruzo kwamba nimesoma vizuri sana, tena hilo ndilo kosa, kwa sababu niliyasoma maneno yote kwa upendo sawa. Kuna maneno ya kupita juu yake kama daraja. Na sura, aliongeza, humalizwa na mwandishi kwa ajili ya mtu mwenye kitabu mkononi, anayeweza kufunua ukurasa. Mtoto wa simu hana ukurasa wa kufunua.

Kitabu kiliisha miezi miwili baadaye. Mfalme aliwaombea wale ndugu wawili, ambao ndio manyani wa odio ya kwanza, wakarudishiwa sura zao za kibinadamu, na Yaya akakata kabla hawajaanza kula pamoja. Odio moja ikaingia haraka kuliko zote, sauti ya kijana imeanza kuvunjika: Mama, njo mwisho? Naye akajibu: Haina mwisho. Kwa Kiswahili cha huku hilo ni jibu dogo tu, maana yake huo si mwisho, ngojeni Ijumaa. Lakini yule dereva wa Mbeya, ambaye Yaya humtumia odio zote akiwa njiani, aliisikia kwa masikio ya kwao. Alipopita alituambia alikaa kwenye usukani pale Kasumbalesa akaifikiria kutwa, kwamba chuki ya ndugu kweli haina mwisho. Hatukumsahihisha.

Safari hii amenipa zamu nyingine. Ni Ruthu, sura nne tu, aya 85, na amenipa sura ya kwanza pamoja na penseli iliyochongwa kwa kisu cha jikoni. Nimeisoma mara tano. Mikwaju nimeiweka, nikaifuta, nikaiweka. Msalaba wangu niliuweka pale Orpa anapogeuka kurudi kwao, na Yaya alipouona hakusema kitu, aliusogeza tu mstari mmoja juu. Jana saa kumi na moja jioni niliondoa viatu, nikaketi kwenye kigoda, nikavuta mlango. Nilikuwa nimefika njaa ya Bethlehemu nilipolisikia tone la kwanza kwenye bati, kisha la pili, kisha yote kwa pamoja.